Bustani za Nairobi: Zilivyotengwa, zilivyomegwa na zilivyonusurika

BUSTANI za umma zilizo katikati ya jiji la Nairobi na katika mitaa inayolizunguka hazikuota zenyewe kama magugu. Kila moja ina wakati ilipotengwa na mtu au ofisi iliyoitenga. Karibu kila moja, vilevile, ina wakati ambapo mkubwa fulani aliinua ramani na kuona humo si miti wala nyasi, bali kiwanja cha kujengea. Mfanyakazi anayejilaza kwenye nyasi za Jeevanjee saa saba mchana akisubiri kurejea kazini huenda asijue kwamba mahali anapoweka kichwa palikusudiwa kuwa maegesho ya magari, wala kwamba waliozuia jambo hilo walikuwa raia wachache wasio na cheo serikalini.

Ili kuzielewa bustani hizi ni lazima kuanza na reli. Mwisho wa Mei 1899, njia ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika kwenye tambarare ambayo Wamaasai waliitambua kwa maji yake baridi, Enkare Nairobi. Wahandisi walipapenda kwa sababu palikuwa uwanda wa mwisho kabla ya treni kuanza kupanda kuelekea Kikuyu na Bonde la Ufa. Walihitaji mahali pa kuweka karakana na vyuma vyao. Hawakuwa wakitafuta mahali pa kujenga jiji. Sehemu kubwa ilikuwa kinamasi, na mvua ziliponyesha maji yalituama mitaani. Mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa afya wakaamuru soko hilo liteketezwe kwa moto. Hata hivyo mji ulikua, na kufikia 1905 ulikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza, ukichukua nafasi ya Mombasa.

Hofu ya maradhi iliacha alama kwenye ramani ya Nairobi hadi leo. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na serikali ya Uingereza kukagua miji ya Afrika Mashariki mwaka 1913, alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watenganishwe kimakazi, na kati ya maeneo yao kuwe na ardhi isiyojengwa. Kwa hiyo si kila uwanja wa wazi ulioachwa Nairobi uliachwa kwa kupenda maua. Sehemu nyingine ziliachwa ili watu wasikaribiane. Wazungu walijitwalia nyanda za juu za magharibi na kaskazini zenye udongo mwekundu unaokubali mti wowote. Waasia wakapata Ngara na, baada ya muda, Parklands na Eastleigh. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Yeyote anayeuliza kwa nini bustani kubwa za Nairobi ziko upande mmoja wa jiji, jibu lake lianzie hapo.

Bustani ya Jeevanjee ndiyo kongwe zaidi katikati ya jiji, na tofauti na nyingine haikutolewa na serikali. Ilitolewa na mfanyabiashara. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 na akafika Mombasa mwaka 1890. Reli ilipoanza, alikuwa mmoja wa waliopata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Kwa jumla Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa kazi hiyo, na takriban 2,500 kati yao walifia humo. Jeevanjee alitajirika. Alijenga majumba na soko mjini Nairobi, akaanzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, ambalo baada ya kuuzwa kwa Wazungu liligeuka kuwa East African Standard, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Humo alipigania haki sawa kwa watu wa jamii yake, akipinga sheria iliyowazuia Waasia kumiliki mashamba katika nyanda za juu.

Kipande cha ardhi alichokitoa kwa umma kiko kati ya Barabara ya Moi, iliyoitwa Government Road enzi za ukoloni, na Barabara ya Muindi Mbingu, iliyoitwa Stewart Street. Mnamo 1906 mwanamfalme wa Uingereza, Duke wa Connaught, alizindua humo sanamu ya mamake, Malkia Victoria, ambayo Jeevanjee aliigharimia. Msomaji wa leo anaweza kuliona hilo kama jambo la kujipendekeza kwa wakoloni. Lakini tajiri Mhindi katika mji uliompiga marufuku kukaa upande wa Wazungu alijua alichokuwa akikifanya: ni vigumu kwa afisa wa kikoloni kubomoa bustani yenye sanamu ya malkia wake. Sanamu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100, ikiwa ndogo na yenye kusahauliwa, hadi ilipoangushwa na kuharibiwa mwaka 2015. Jeevanjee mwenyewe alifariki mwaka 1936.

Jina la barabara inayopakana na bustani hiyo nalo lina kisa chake. Muindi Mbingu aliongoza Wakamba mwaka 1938 walipokuja Nairobi kwa maelfu kulalamikia amri ya serikali ya kuwapunguzia ng’ombe kwa nguvu. Na si mbali na hapo, nje ya kituo cha polisi ambacho sasa ni Central, umati uliokusanyika Machi 16, 1922 kudai Harry Thuku aachiliwe ulimiminiwa risasi. Watu 21 waliuawa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Eneo hili dogo la jiji, kwa ufupi, limezoea kukusanya watu wenye malalamiko.

Mwaka mmoja baada ya sanamu ya Victoria kuzinduliwa, idara ya misitu ilianzisha kitu tofauti kabisa upande wa magharibi, karibu na ikulu ya sasa. Treni za wakati huo zilichoma kuni. Misitu ya asili iliyo karibu na reli ilikuwa ikiisha, na serikali ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingeweza kukua haraka katika hali ya hewa ya Nairobi. Afisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe akapewa ardhi ya majaribio mwaka 1907. Huo ndio mwanzo wa Arboretum. Mikaratusi na misonobari iliyoletwa kutoka Australia, Amerika na kwingineko ilipandwa humo kwa safu na kupimwa mwaka hadi mwaka. Eneo hilo la takriban hekta 30 lilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na hivi sasa lina aina zaidi ya 350 za miti. Wanaokwenda humo Jumapili kwa maombi, kupiga picha za harusi au kukimbia mbio za asubuhi wanafaidi kivuli cha miti ambayo mababu zake walikusudiwa kuchomwa kwenye tanuri za treni.

City Park, iliyoko Parklands, ni ya miaka ya 1920, na thamani yake kubwa ni kwamba haikupandwa. Ni mabaki ya msitu wa asili uliokuwa ukifunika vilima vya kaskazini mwa Nairobi kabla ya mji kufika, na wakoloni waliposafisha kila upande walikiacha kipande hiki kikasimama. Ndani yake waliongeza bustani za maua, vijia na jukwaa la bendi. Kima waliomo ni wazawa wa kima wa msitu ule wa zamani. Wamezoea njugu na ndizi za wageni kiasi cha kumpokonya mtoto pakiti yake mkononi bila haya.

Mtu aliyeipa City Park, na Nairobi kwa jumla, sura yake ya maua ni Peter Greensmith, aliyekuwa msimamizi wa bustani za manispaa kuanzia 1947 hadi 1966. Mikumbo ya bogonvilia kandokando ya barabara kuu na mizunguko yake, na mijakaranda inayogeuza lami kuwa zambarau kila Oktoba na Novemba, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kipindi chake. Nairobi ilipandishwa hadhi kuwa jiji Machi 30, 1950, na sifa ya jiji la kijani lililo juani ambayo watalii huisoma kwenye vitabu vyao ilitokana na kazi hiyo.

Katika City Park kuna pia makaburi, na hapa bustani inakuwa kitabu cha siasa. Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge mwenye asili ya Goa aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 na kuwekwa kizuizini na Waingereza kwa kuwasaidia Mau Mau, aliuawa kwa kupigwa risasi mbele ya nyumba yake Februari 24, 1965, Kenya ikiwa na umri wa miezi 14 tu ya uhuru. Amezikwa hapo. Rafiki yake Joseph Murumbi alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966, kisha akaacha siasa na kujitolea kukusanya kazi za sanaa za Afrika. Alifariki mwaka 1990 na kuzikwa City Park karibu na Pinto. Mkewe Sheila alizikwa kando yake mwaka 2000. Bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za mawe imezunguka makaburi yao.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa mengine. Pumwani ilipangwa mwaka 1922 kama makazi ya kwanza rasmi ya Waafrika. Zikafuata Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani na Starehe. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ndiyo pekee iliyochukua kwa dhati mtindo wa Uingereza wa kupanga nyumba kuzunguka viwanja vya nyasi na kivuli, ukumbi wa jamii ukiwa katikati. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 ulikusudia kwamba kila mtaa uwe na shule, maduka na uwanja wake wa kuchezea. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Lakini uwanja wa kuchezea si bustani. Wakazi wa Eastlands walipewa vumbi la kupigia mpira, na wale wa magharibi wakapewa miti ya kukaa chini yake.

Pamoja na hayo, uwanja wa vumbi unaweza kuizidi bustani kwa umaarufu. Kamukunji, uliopakana na Shauri Moyo na Pumwani, ulitumika kwa mikutano ya wanasiasa wa Nairobi tangu enzi za kupigania uhuru, hata jina lake likaingia katika lugha: Mkenya akisema wanafunzi wamefanya kamukunji, ana maana wamefanya mkutano wa hadhara, popote pale. Julai 7, 1990, siku iitwayo Saba Saba, wananchi walijaribu kukusanyika hapo kudai mfumo wa vyama vingi siku tatu tu baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kutiwa kizuizini. Serikali ilikuwa imepiga mkutano huo marufuku, na ghasia zilizofuata zilienea hadi miji mingine na kusababisha vifo. Yote hayo yalitokea kwenye uwanja ambao hakuna aliyeupamba kwa ua hata moja.

Uhuru Park ilikuja baada ya ukoloni, na hilo ni jambo la kutiliwa maanani. Rais Jomo Kenyatta aliifungua Mei 23, 1969 kwenye eneo la karibu hekta 13 kati ya katikati ya jiji na kilima cha hospitali, kando ya Uhuru Highway, barabara iliyokuwa ikijulikana kama Princess Elizabeth Way. Ilikuwa na ziwa la kutengenezwa lenye mashua za kukodi, mteremko wa nyasi unaotazama jukwaa, na haikuwa na lango la kulipia. Isichanganywe na Uhuru Gardens ya Barabara ya Lang’ata, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Hata waandishi wa habari huchanganya mahali hapa pawili. Uhuru Park ilikuwa bustani ya kwanza kubwa ambayo mtu kutoka Eastlands angeweza kuiingia Jumapili akiwa na watoto wake bila ya mtu kumuuliza anatafuta nini. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Misa hapo mwaka 1985.

Mnamo 1989 ilifahamika kwamba sehemu ya bustani hiyo ingejengwa jumba la orofa 60, refu kuliko yote barani Afrika. Ndani yake kungekuwa na makao makuu ya chama tawala cha KANU, afisi za gazeti lake la Kenya Times, kumbi, maduka na maegesho ya magari, na mbele yake sanamu ya Rais Daniel arap Moi. Mshirika wa kigeni alikuwa Robert Maxwell, bwanyenye wa magazeti nchini Uingereza. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 200, katika nchi iliyokuwa ikiomba wafadhili waisaidie kulipa madeni.

Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt, hakuandamana kwanza. Aliandika barua. Aliiandikia Kenya Times yenyewe, akaziandikia afisi za serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa na balozi wa Uingereza, akiuliza kama kuna mtu angethubutu kujenga jumba la namna hiyo katika Hyde Park ya London. Jibu lilikuja kwa matusi. Wabunge walimkejeli bungeni, wengine wakitaja talaka yake kana kwamba ni hoja kuhusu ardhi. Green Belt ikafukuzwa kutoka afisi za serikali ilizokuwa ikitumia. Na Rais Moi akasema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Maathai alikwenda mahakamani mwezi Novemba. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi yake, na sababu iliyotolewa inafaa kukumbukwa kwa sababu tutairejelea: jaji alisema hakuwa na msingi wa kisheria wa kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha kwamba mradi huo ungemdhuru yeye binafsi kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa maneno mengine, kitu kilicho cha wote hakikuwa na mtu wa kukitetea. Sheria ilimtambua mwenye nyumba aliyevunjiwa ua. Haikumtambua raia aliyevunjiwa bustani.

Mradi ule haukushindwa mahakamani, basi. Ulishindwa kwenye benki. Kelele zilizopigwa na mwanamke mmoja zilifika kwa wafadhili, ambao walianza kuuliza ni vipi serikali inayoomba mikopo inajenga mnara wa fahari. Michoro ikapunguzwa, Maxwell akafa baharini Novemba 1991, na mapema 1992 uzio wa mabati uliozunguka eneo la ujenzi ukaondolewa. Wakosoaji wa Maathai wamewahi kusema kwamba ni wageni waliookoa Uhuru Park. Kuna ukweli humo, ila wageni hao wasingejua lolote kama barua zisingeandikwa.

Kabla watu hawajamaliza kusherehekea, pembe ile ile ya bustani ikapata jina jipya. Februari 28, 1992, akina mama waliokuwa na wana wao gerezani kwa sababu za kisiasa waliketi karibu na makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, wakaanza kususia chakula wakitaka wafungwa 52 waachiliwe. Maathai alikuwa pamoja nao. Siku ya tano, Machi 3, polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama, wakiwa na umri wa kuwa nyanya za askari hao, walivua nguo zao mbele yao. Kila askari aliyelelewa katika nyumba ya Kiafrika alijua laana hiyo ina uzito gani, na wengi waligeuza nyuso. Akina mama walihamia katika kanisa la All Saints lililo karibu na bustani, wakakaa humo hadi mwaka uliofuata, wakati ambapo wengi wa wafungwa hao walikuwa wameachiliwa. Pembe hiyo huitwa Freedom Corner tangu hapo.

Jeevanjee nayo ilipata misukosuko wakati uo huo. Mwaka 1991 Tume ya Jiji, iliyokuwa ikiendesha Nairobi baada ya serikali kuvunja baraza lililochaguliwa mwaka 1983, ilitoa mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari na maduka, bustani ikiahidiwa kurejeshwa juu ya paa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliupinga hadharani, Maathai akamuunga mkono, na wafanyakazi wa mjini wakatia sahihi. Mpango ukafa. Patel, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya babu yake, alishikilia hoja iliyo rahisi na ngumu kuijibu: ardhi hii ilitolewa kwa wananchi, kwa hiyo tume iliyoteuliwa na waziri haina kitu cha kuuza. Wazo la kuiendeleza liliwahi kufufuliwa katika miaka ya 2000, likakumbana na upinzani ule ule. Wakati huo mabenchi yake yalikuwa yamekwisha kuwa kikao cha Bunge la Mwananchi, ambalo wanachama wake, wengi wao wasio na ajira, hujadili bajeti, bei ya unga na mwenendo wa wabunge halisi kwa utaratibu ambao mara nyingine huwashinda waheshimiwa wenyewe.

Kilichofuata Karura kinajulikana zaidi. Msitu huo wa hekta 1,041, uliotangazwa rasmi mwaka 1932, uligunduliwa mwaka 1998 kuwa sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wastawishaji wa binafsi. Januari 8, 1999, Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti walishambuliwa na genge la walinzi waliokodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Taarifa yake kwa polisi aliitia sahihi kwa damu yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura imezungushiwa uzio, ina njia za miguu na baiskeli, na wageni hulipa kiingilio.

Ukubwa halisi wa unyakuzi ulijulikana baada ya mabadiliko ya serikali. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung’u, iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi hati zipatazo 200,000 zilivyotolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Mbinu haikuwa ya kificho. Mwenye ushawishi aliandika barua kuomba kiwanja, ofisi kubwa ikaandika idhini pembeni, hati ikatolewa, na kabla wino haujakauka kiwanja kikauzwa kwa shirika la umma au mnunuzi mwingine kwa bei ya soko. Bustani, viwanja vya michezo, vyoo vya umma na makaburi vilikuwa shabaha nyepesi kwa sababu vilikuwa tupu na havikuwa na mtu wa kulalama. City Park ilimegwa kwa njia hiyo hadi ikabaki takriban hekta 60. Wakazi waliounda chama cha marafiki wa bustani hiyo mwaka 1996 walilazimika kujifunza kusoma ramani za upimaji kabla ya kujifunza majina ya ndege. Mwaka 2009 City Park ilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa chini ya sheria ya makavazi, hatua inayomfunga mikono yeyote anayetaka kuibadilisha matumizi.

Uhuru Park ilishuhudia mengine mengi: Kibaki akiapishwa Desemba 30, 2002 mbele ya umati uliojaa hadi juu ya miti, mlipuko wa gurunedi katika mkutano wa Juni 13, 2010, mazishi ya kitaifa ya Maathai Oktoba 2011, miaka saba baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, na kiapo cha Raila Odinga kama rais wa wananchi Januari 30, 2018. Mwaka 2021, pamoja na Central Park iliyo ng’ambo ya Kenyatta Avenue, ilifungwa kwa ukarabati mkubwa chini ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi. Walalamishi walilia miti iliyokatwa na saruji iliyomwagwa. Watetezi wakasema bustani ilikuwa imechakaa na kugeuka maskani ya wezi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Michuki Park, ukingoni mwa Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe, inaonyesha kwamba kinyume chake pia kinawezekana: pale palikuwa na gereji na jaa la taka kabla ya John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, kuamuru pasafishwe na kupandwa miti.

Lakini siku iliyo muhimu kuliko zote katika historia ya Uhuru Park ni Agosti 27, 2010, Katiba mpya ilipoidhinishwa rasmi kwenye jukwaa lake. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote anayeona haki hiyo inavunjwa kwenda mahakamani, na kinasema waziwazi kwamba halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Ndilo swali lililoiangusha kesi ya Maathai mwaka 1989. Mwenyewe alikuwa bado hai jibu lake lilipotiwa sahihi, hatua chache kutoka pale jumba la orofa 60 lilipokusudiwa kusimama.